Mizani ya Lamadi: Mkoa, Mamlaka na Haki ya Maendeleo

Msafiri atokaye Mwanza kwenda Musoma, akiisha kuipita Magu na kisha Nyashimo, huingia Lamadi, mji mdogo uliokaa kati ya maji na pori. Upande mmoja iko Ghuba ya Speke, mkono wa Ziwa Viktoria unaonyooka kuelekea mashariki. Upande wa pili, mwendo mfupi tu kwa gari, liko lango la Ndabaka, mlango wa magharibi wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Hapo mjini ndipo barabara ya Bariadi inapochepuka kuingia katika nchi ya pamba. Basi samaki, watalii na pamba, mali tatu ambazo kwazo taifa zima hujipatia fedha za kigeni, hupita Lamadi au kando yake mwaka hadi mwaka. Malalamiko ya ukanda huo tangu zamani hayakuwa kwamba nchi ni maskini. Yalikuwa kwamba mali hupita, na kwamba wale wanaopanga ipite wapi na kwa bei gani hukaa mbali.

Jibu lililotolewa mara nyingi kwa malalamiko hayo ni moja: serikali isogezwe. Lamadi haikuhama mahali pake, lakini makao makuu yaliyoiamuru yalihama. Ilikuwa chini ya Mwanza kwa mkoa na chini ya Magu kwa wilaya. Tangu mwaka 2012 makao ya wilaya yake ni Nyashimo na ya mkoa wake ni Bariadi. Ahadi iliyofuatana na mabadiliko hayo ni ile ile iliyotolewa katika zama zilizotangulia, kwamba serikali ikiwa karibu, maendeleo yatagawanywa kwa haki. Je, ahadi hiyo ni ya kweli? Usukuma una historia ndefu ya kutosha kuipima.

Kabla ya historia, yafaa kutazama maneno yenyewe. Kiswahili kina maneno mawili ambayo katika hotuba hutumiwa kana kwamba ni pacha: madaraka na mamlaka. Daraka ni jukumu, kazi aliyotwikwa mtu na aliye juu yake. Mamlaka ni neno la asili ya Kiarabu, na shina lake ni lile lile lililozaa milki na umiliki. Mwenye madaraka ametumwa. Mwenye mamlaka ana kitu mkononi. Watanzania husema ugatuaji, Wakenya husema ugatuzi, na wengine katika nchi zote mbili wamepigania majimbo. Chini ya istilahi hizo zote hubaki swali moja: kinachopelekwa mkoani ni daraka, au ni mamlaka?

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza waliunda Shirikisho la Usukuma, makao yake Malya. Watemi wapatao hamsini waliwekwa katika baraza moja, na mwaka 1947 ukaanzishwa mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukuma. Kwa kutazama juu juu, huu ulikuwa uhuru wa eneo kujiendesha: baraza la wenyeji, viongozi wa wenyeji, na fedha zilizotengwa kwa ajili ya nchi yao. Lakini baraza lilipitisha yale ambayo maofisa wa kikoloni walikwisha kuyakata. Wakulima waliamriwa kulima kwa matuta, wafugaji wakaamriwa kupunguza mifugo, na aliyekaidi alitozwa faini na mtemi wake mwenyewe. Maofisa waliamini kuwa wanaiokoa ardhi, na hofu yao ya mmomonyoko haikuwa ya kubuni. Hata hivyo mkulima aliona jambo jingine: sauti ni ya mtemi, maneno ni ya bwana shauri. Kadiri serikali ilivyomkaribia, ndivyo ilivyompata kwa urahisi zaidi.

Upinzani ulizuka, na serikali ikaujibu kwa kukipiga marufuku chama cha TANU katika Usukuma kuanzia 1954 hadi 1958. Mwaka huo wa 1958 wananchi wa Geita waliandamana kwa maelfu hadi Mwanza kupinga baraza la wilaya la mseto wa rangi walilowekewa. Hawakuwa wakipinga kuwa na baraza. Walipinga baraza ambalo hawakulichagua kwa namna waliyoitaka. Tofauti hiyo ni muhimu kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa ilirudi tena baada ya uhuru, katika sura nyingine.

Wakati Shirikisho la Malya likipoteza heshima, jambo la pili lilikuwa likikua kimya kimya katika nchi hiyo hiyo, nalo lilianza kwenye mizani. Pamba ilinunuliwa na wafanyabiashara, wengi wao wenye asili ya Kihindi, na mkulima aliamini, kwa sababu za kutosha, kwamba jiwe la kupimia halisemi kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walichanga fedha, wakaweka mizani yao na makarani wao, wakaipima pamba kabla haijafika kwa mnunuzi. Hawakuomba kwanza wilaya wala jimbo. Walidai kujua uzito wa mali yao. Kutoka hapo, chini ya uongozi wa Paul Bomani na wenzake, vyama vya msingi viliungana, na mwaka 1955 ukazaliwa Muungano wa Vyama vya Ushirika vya Viktoria. Katika muda wa miaka michache tu muungano huo ulishika ununuzi wa pamba ya ukanda wa ziwa, ukamiliki vinu vya kuichambua, na nchi ilipofikia uhuru ulihesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika barani Afrika.

Hapa palikuwa na mamlaka kwa maana ya asili ya neno. Wakulima walimiliki mizani, wakamiliki kinu, na kwa kiasi fulani wakaamua faida iende wapi. Ushirika haukuwa na mipaka ya utawala wala mkuu wa mkoa, lakini ulikuwa na mapato. Yeyote anayetafuta mfano wa eneo lililojiletea maendeleo katika Usukuma atauona hapo zaidi kuliko Malya.

Lakini historia haikumhurumia mtu. Muungano ulipokua, makao yake Mwanza yakawa mbali na mkulima wa Bariadi au wa Meatu kama yalivyokuwa mbali makao ya serikali. Watumishi waliongezeka, makato katika bei ya pamba yakaongezeka, na malalamiko ya wizi na upendeleo yakawa ya kila msimu. Mwaka 1966 Rais aliunda tume kuchunguza vyama vya ushirika nchini, na baadaye serikali ikautia mkono usimamizi wa muungano huo. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchi nzima, na zao la pamba likabaki mikononi mwa mamlaka ya umma. Mkulima aliyekuwa amelalamika kwamba daftari la Mwanza halisomeki, sasa hakuwa na daftari lolote la kulidai. Ugonjwa ulikuwa wa kweli, na dawa yake ikamwondoa mgonjwa.

Miaka minne kabla ya hapo, serikali ilikuwa imetangaza sera iliyobeba jina zuri: Madaraka Mikoani. Tangu Julai 1972 mipango na fedha za maendeleo zilipelekwa mikoani na wilayani, wakuu wa mikoa wakapewa hadhi kubwa, na wakurugenzi wa maendeleo wakapangwa kila mahali. Nia haikuwa mbaya. Mwalimu Nyerere alitaka maofisa waondoke Dar es Salaam wakaishi karibu na wakulima. Lakini sera hiyo hiyo ilizivunja halmashauri za wilaya zilizochaguliwa na wananchi. Waliokwenda mikoani walikuwa watumishi wa serikali kuu, wakiwajibika kwa serikali kuu. Katika miaka iliyofuata watumishi hao ndio waliosimamia kuwahamishia watu katika vijiji, Usukuma ukiwemo, mara nyingine kwa nguvu. Jina la sera lilisema ukweli wake kuliko ilivyokusudiwa: yalikuwa ni madaraka. Mamlaka yalibaki yalipokuwa.

Mwaka 1984 Mwalimu mwenyewe alikiri katika mahojiano kwamba, kama angeanza upya, asingezivunja serikali za mitaa wala vyama vya ushirika. Ni nadra kiongozi aliye bado madarakani kutaja makosa yake mawili kwa majina. Na makosa aliyoyataja ndiyo hasa nguzo mbili ambazo ukanda wa Lamadi ulizipoteza: baraza la kuchagua na mizani ya kumiliki. Halmashauri zilirudishwa kwa sheria za 1982 na kuanza kazi 1984. Ushirika nao ulirudi, ukiwa umebeba madeni na jina lililochafuka, na biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi mwaka 1994, mkulima alijikuta tena mbele ya mizani ya mwingine.

Kwa mandhari hiyo ndipo mkoa wa Simiyu unapofaa kuonekana. Maswa, Bariadi na Meatu zilikuwa sehemu ya mashariki ya mkoa wa Shinyanga, mkoa ulioanzishwa baada ya Jimbo la Ziwa kugawanywa. Kwa watu wa pande hizo Shinyanga mjini palikuwa mbali, na waliamini kwamba barabara, hospitali na walimu huanzia huko na kuishia njiani. Machi 2012 serikali iliunda mikoa minne mipya: Geita, Katavi, Njombe na Simiyu. Simiyu ulipewa wilaya tatu hizo, ikazaliwa Itilima kutoka Bariadi, na ikaongezwa Busega, iliyomegwa kutoka Magu mkoani Mwanza. Kwa mstari huo wa mpaka Lamadi ikawa Simiyu. Busega ndiyo wilaya pekee ya mkoa huo inayogusa Ziwa Viktoria, kwa hiyo mkoa wa nchi kavu ulipata maji kwa njia ya Lamadi na majirani zake.

Haitakuwa haki kusema kwamba mkoa mpya haukuleta kitu. Bariadi ilipata ofisi, hospitali ya rufaa ya mkoa na watumishi. Barabara ya Bariadi hadi Lamadi, takriban kilometa 72, ilitiwa lami katika muongo wa kwanza wa mkoa. Maonyesho ya Nane Nane ya kitaifa yalifanyika Nyakabindi, nje kidogo ya Bariadi, kuanzia 2018 hadi 2020. Chini ya Anthony Mtaka, aliyekuwa mkuu wa mkoa tangu 2016, ulienea mwito wa kila wilaya kuwa na bidhaa yake, na chaki za Maswa na maziwa ya Meatu yakasikika mbali. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 2,140,497 katika mkoa, kutoka 1,584,157 mwaka 2012. Watu wengi kiasi hicho walihitaji serikali iliyo karibu kuliko Shinyanga, na hilo halina ubishi.

Lakini yafaa kuuliza mkoa ni kitu gani kisheria. Kwa Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997, mkoa wa Tanzania Bara una sekretarieti na kamati ya ushauri. Hauna bunge wala baraza lililochaguliwa, na hautozi kodi. Mkuu wa mkoa huteuliwa na Rais, na mkuu wa wilaya vilevile. Mkurugenzi wa halmashauri naye hateuliwi na madiwani anaowatumikia. Mtaka alihamishiwa Dodoma mwaka 2021 na Rais mwenye haki ya kumhamisha, na wananchi wa Simiyu, waliomsifu au waliomlaumu, hawakuwa na kura katika kuja kwake wala kuondoka kwake. Chombo ambacho wananchi hukichagua ni halmashauri, na halmashauri za Tanzania hutegemea serikali kuu kwa sehemu kubwa mno ya bajeti zao. Kodi ya maendeleo ilifutwa 2003, kodi ya majengo ikahamishiwa Mamlaka ya Mapato 2016, na ushuru wa mazao ya biashara ukapunguzwa 2017 kutoka asilimia 5 hadi 3. Kila hatua ilikuwa na sababu yake, na mkulima alishukuru kwa kupunguziwa mzigo. Jumla yake ni kwamba halmashauri iliendelea kuwa na madaraka mengi na mkono mtupu.

Mambo matatu yaliyotokea karibu na Lamadi yanaonyesha hilo kwa uwazi. La kwanza ni maji. Wakazi wa mji huu waliishi miaka mingi wakiliona ziwa na kukosa bomba. Mradi mkubwa ulipokuja, kwa fedha za mikopo ya Ulaya, uliihudumia Lamadi pamoja na Magu na Misungwi, na msimamizi wake alikuwa mamlaka ya maji ya jiji la Mwanza. Lamadi ilikwisha kuondoka Mwanza kwa ramani, lakini bomba lilikuja kwa njia ya Mwanza. Mpaka wa mkoa haukulileta wala haukulizuia.

La pili ni pamba. Mwaka 2018 serikali iliagiza pamba inunuliwe kupitia vyama vya msingi vya ushirika. Msimu wa 2019 bei ya shilingi 1,200 kwa kilo ilitangazwa, bei ya dunia ikashuka, wanunuzi wakasita, na wakulima wengi wakangoja malipo kwa miezi. Simiyu, mkoa unaoongoza nchini kwa zao hilo, ndio ulioumia zaidi. Katika dhiki hiyo mkuu wa mkoa aliweza kuhimiza na kuomba. Bei haikuwa yake, mikopo ya wanunuzi haikuwa yake, wala soko halikuwa lake. Mkulima aliyekaa juu ya marobota yake alikuwa na makao makuu ya mkoa jirani yake kuliko baba yake alivyopata kuwa nayo, na bado uamuzi uliomhusu ulisubiriwa kutoka Dodoma na Dar es Salaam.

La tatu ni lango. Mgeni aingiaye Serengeti kwa Ndabaka hulipa ada ambayo si mapato ya halmashauri inayopakana na hifadhi. Ni haki kwamba hifadhi ya taifa iwe ya taifa zima. Lakini tembo wanaotoka hifadhini hawaingii katika mashamba ya taifa zima. Huingia katika mashamba ya Lamadi na vijiji jirani. Hasara ina anwani, faida haina.

Mbele ya hayo, wako wanaosema dawa ni kwenda mbali zaidi: majimbo yenye serikali zake, sera ambayo chama cha CHADEMA kimeinadi tangu uchaguzi wa 2005. Hoja hiyo haistahili kupuuzwa, na jirani wa kaskazini ameijaribu. Kenya ilianza uhuru wake na majimbo ikayaacha mwaka 1964, kisha katika waraka maarufu wa serikali wa 1965 ikachagua kuwekeza pale penye mvua, ardhi nzuri na miundombinu, kwa imani kwamba faida itasambaa. Haikusambaa hadi Wajir wala Lamu. Katiba ya 2010 ikaunda kaunti 47, zenye magavana na mabunge ya kuchaguliwa, na ikaamuru kwamba zipate si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Asilimia hiyo haikutajwa kwa huruma ya mtu. Fungu limeandikwa, na kaunti ikinyimwa inaweza kwenda mahakamani. Hiyo ni tofauti kubwa na Simiyu.

Na bado Lamu yatoa onyo. Bandari mpya iliyoanza kupokea meli 2021 ni mradi wa serikali kuu, na wavuvi waliopoteza maeneo yao ya kuvua hawakuokolewa na kuwapo kwa gavana. Walikwenda Mahakama Kuu, nayo mwaka 2018 ikaamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.76. Mfuko wa katiba wa kuyainua maeneo yaliyosahauliwa, asilimia nusu ya mapato, ulivutwa miaka kadhaa kati ya Hazina, bunge na mahakama. Kwingineko, mashariki ya maziwa na magharibi yake, somo ni kali zaidi. Katiba ya Kongo ya 2006 inasema majimbo yabakiwe na asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayokusanywa kwao. Mwaka 2015 majimbo 11 yaligawanywa yakawa 26, lakini fungu lile halikuachwa mikononi mwao kama katiba isemavyo. Majimbo yaliongezeka, magavana wakaongezeka, fedha ikaendelea kusafiri kwenda Kinshasa kwanza.

Msomaji wa visiwani hahitaji kwenda Kongo. Zanzibar ina katiba yake, Rais wake, Baraza lake la Wawakilishi na mahakama zake, mamlaka ambayo hakuna mkoa wa Bara uliyaota. Hata hivyo karafuu, iliyobeba hazina ya visiwa kwa miongo mingi, sehemu yake kubwa hutoka Pemba, na kwa miaka mingi mkulima wa Pemba aliuzia shirika moja la serikali kwa bei iliyokuwa sehemu ndogo ya bei ya dunia. Aliyevusha magunia yake kwenda Mombasa usiku aliitwa mhalifu. Barabara na umeme vilichelewa kufika kwenye kisiwa kilichovilipia. Ilipofika miaka ya 2010 serikali ilitangaza kumlipa mkulima takriban asilimia 80 ya bei ya soko, na hali ya zao ikabadilika. Mpaka wa Zanzibar haukuongezwa wala kupunguzwa ili hilo litokee. Kilichobadilika ni mizani. Ndani ya uhuru wa kujiendesha, basi, paweza kuwa na kisiwa kingine kinachongoja, na ndani ya kisiwa hicho, kijiji kingine.

Jambo hilo lingeweza kumkatisha mtu tamaa, kama Usukuma wenyewe usingekuwa na mfano wa tatu, ambao hausimuliwi sana. Mwaka 1986 ulianzishwa Shinyanga mradi wa hifadhi ya ardhi uliojulikana kwa kifupi kama HASHI, wakati ambapo miti ilikwisha kufyekwa kwa ajili ya pamba na kwa vita dhidi ya mbung'o, na nchi ikaitwa jangwa. Baada ya kujifunza kwa makosa, wataalamu waliacha kugawa miche wakarudi kwenye desturi ya wenyeji, ngitili, malisho yanayofungwa wakati wa masika na kufunguliwa kiangazi. Mipaka ya ngitili iliamuliwa vijijini, na aliyeivunja alihukumiwa na dagashida, mkutano wa wanakijiji wenyewe. Katika muda wa takriban miaka kumi na mitano, zaidi ya hektari 300,000 zilirudi kuwa na miti na nyasi, katika mkoa ambao wakati huo ulizijumuisha Bariadi, Maswa na Meatu.

Watu wale wale ambao babu zao walikataa matuta na kupunguziwa mifugo walikubali kujizuia malisho yao, na mkoa ulikuwa ule ule mkubwa, wenye makao yale yale ya mbali. Kilichotofautiana ni nani aliyefunga na nani aliyefungua. Mwanakijiji aliyekubali kungoja mvua mbili bila kulisha ng'ombe wake aliijua faida itamwangukia nani, na alikuwapo katika mkutano ulioamua. Serikali kuu haikuondoka. Ilitoa elimu, fedha na ulinzi wa sheria. Lakini haikukalia kiti cha dagashida.

Kwa hiyo swali la kama mamlaka ya mikoa yaweza kuleta maendeleo ya haki kwa eneo lililosahauliwa laweza kujibiwa bila kupiga chuku. Yaweza, kwa masharti ambayo mgawanyo wa mikoa peke yake hauyatimizi. Fungu la mapato liandikwe katika sheria, lisitegemee moyo wa waziri. Wanaolitumia wachaguliwe, na waweze kuondolewa, na wanaolizalisha. Na ndani ya eneo lenyewe pawe na mizani ya pili, ili Bariadi isiifanyie Lamadi yale ambayo Shinyanga iliifanyia Bariadi. Bila sharti la kwanza hutokea Kongo. Bila la pili hutokea Malya na 1972. Bila la tatu hutokea Pemba ya karafuu za bei ya chini, na muungano wa ushirika uliowasahau waliouunda.

Mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha mradi wa kuyatoa maji ya Ziwa Viktoria na kuyafikisha katika wilaya za Simiyu zinazokauka kila kiangazi. Maji hayo yatachotwa Busega. Wakazi wa ufuoni, ambao mali zao zimezoea kupita, wataona kitu kingine kikipita, na safari hii kikielekea kwa ndugu zao wa Itilima na Meatu wenye kiu kuliko wao. Hakuna atakayeona ubaya wa maji hayo kwenda. Litakalotazamwa ni nani atakayekaa katika meza ya kuamua bei ya ndoo, ni kijiji gani kitakachofunguliwa bomba kwanza, na kama daftari la mapato yake litasomwa mbele ya wanaolipa. Wakulima wa miaka ya 1950 walianza na swali dogo kuliko hayo, wakaweka mizani yao kando ya njia.